Programu Inaponukuu Kisichosemwa: Kutatua Matatizo ya Unukuzi wa Mahojiano ya Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mtafiti aliyerudi kutoka uwandani na mahojiano ya Kiswahili kwenye simu au kinasa sauti, akayapitisha kwenye programu ya kutambua usemi, na sasa anasoma maandishi yasiyoeleweka. Ni wa yule pia anayesoma maandishi yanayoeleweka vizuri mno, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Nitazungumzia hasa modeli mbili zinazopatikana bure: Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, na MMS, iliyotolewa na Meta Mei 2023. Whisper ya kwanza ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini ndani yake Kiswahili kilichoambatana na maandishi ya Kiswahili hakikufika hata saa kumi. MMS ilijifunza lugha zake zaidi ya 1,100 hasa kutokana na usomaji wa Agano Jipya. Ya kwanza, basi, ilisikia Kiswahili kidogo sana. Ya pili ilisikia Kiswahili cha msomaji aliyetulia mbele ya maikrofoni. Mama anayeeleza jinsi alivyorudishwa nyumbani bila dawa haongei hivyo. Matoleo ya baadaye ya Whisper, kama large-v3 ya Novemba 2023, yamelishwa sauti nyingi zaidi na kwa jumla hukosea kidogo kuliko yaliyotangulia, ila tabia za makosa yake ni zilezile.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, vaa spika za masikioni usikilize dakika mbili kutoka katikati ya rekodi. Usichukue mwanzo, kwa kuwa mwanzoni kila mtu hukaa karibu na kinasa sauti na kuongea kwa uangalifu. Ukilazimika kurudisha nyuma ili ushike neno, ugonjwa uko kwenye sauti. Ukisikia kila kitu bila shida ilhali programu imekosa, ugonjwa uko kwenye mpangilio au kwenye modeli yenyewe. Hatua hii ndogo itakuokoa usihangaike na programu wakati kosa lilitendeka chumbani siku ya mahojiano.

Dalili: maandishi yametoka kwa lugha nyingine

Hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote. Usipoitajia Whisper lugha, inakisia kwa kusikiliza sekunde 30 za kwanza tu. Mtafiti akianza kwa kusoma namba ya fomu kwa Kiingereza, au mzee akafungua mazungumzo kwa dua ndefu ya Kiarabu, saa nzima inayofuata huenda ikanukuliwa kwa lugha hiyo. Wakati mwingine Kiswahili hudhaniwa kuwa Kishona, lugha nyingine ya Kibantu ambayo modeli imefundishwa. Taja lugha mwenyewe: sw. Usiiachie programu ichague hata pale inapoonekana kuchagua vizuri.

Ukipata Kiingereza sanifu badala ya Kiswahili, angalia mambo mawili. Kazi iliyochaguliwa huenda ni tafsiri badala ya unukuzi, na baadhi ya programu zenye vitufe huficha chaguo hilo kwenye ukurasa wa mipangilio. Au umepakua modeli ambayo jina lake linaishia na .en, hizo zinajua Kiingereza peke yake, na hakuna mpangilio utakaozifanya ziseme Kiswahili.

Dalili: maneno mengi hayapo, au yamebaki vipande

Hapa ndipo sauti yenyewe inapohusika. Anza na faili. Modeli zote mbili hufanya kazi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 16,000 kwa sekunde, na programu nyingi hubadilisha faili zenyewe. Rekodi ya simu ya kawaida, hata hivyo, ilichukuliwa kwa sampuli 8,000, na mtandao wa simu wa zamani hupitisha takribani Hz 300 hadi 3,400 tu. Sehemu kubwa ya nguvu ya s na f iko juu ya hapo. Ndiyo maana katika mahojiano ya simu «huduma hiyo tumeisikia» na «huduma hiyo imetufikia» huanza kukaribiana kwa mashine, na katika utafiti wa afya au kilimo hayo ni majibu mawili tofauti kabisa. Kulipandisha faili kutoka 8,000 hadi 16,000 hakurudishi kilichokatwa. Kama utafiti wako unategemea simu, panga tangu mwanzo kuhakiki kwa sikio kila jibu la msingi, na umzoeshe msaili kurudia jibu kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuendelea: «Kwa hiyo, mama, mlisikia habari zake lakini hazijawafikia?» Mashine sasa ina nafasi mbili za kulishika jibu, na mhojiwa ana nafasi ya kukusahihisha.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp una hali nzuri kuliko watu wanavyodhani. Umebanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana sauti, ya Opus, iliyotengenezwa ikizingatia usemi pia. Unaharibika baada ya hapo: mtu anaugeuza kuwa MP3, anautuma tena, mwingine anaubana tena. Ugeuze mara moja tu kuwa WAV kisha ufanyie kazi nakala hiyo. Kamwe usicheze ujumbe kwenye simu moja na kuurekodi kwa nyingine. Unaongeza mwangwi wa chumba ambao haukuwepo.

Mwangwi na umbali huua unukuzi kuliko kelele. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja hupungua kwa takribani desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale. Chumba cha saruji kisicho na pazia wala godoro ni kibaya kuliko uwanja wenye kuku na watoto wanaocheza. Kinasa sauti kilichowekwa katikati ya meza ili kiwasikie wote kwa kawaida hakimsikii yeyote vizuri. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, hata ya bei nafuu, inasaidia kuliko modeli yoyote mpya. Ibane mahali ambapo mtandio au khanga haitaisugua. Mvua kwenye bati haina tiba. Simamisha, subiri, endelea ikipungua.

Watu wengi hukimbilia programu za kuondoa kelele. Jaribu kwanza kwa dakika mbili, na sauti iliyosafishwa, na isiyosafishwa, kisha ulinganishe maandishi. Mara nyingi usafishaji mkali unaondoa pamoja na kelele zile konsonanti dhaifu ambazo modeli ilizihitaji, na modeli yenyewe ilishazoea kelele katika mafunzo yake. Sauti iliyopasuka kwa kuwa kiwango cha kurekodi kilikuwa juu mno ndiyo isiyotengenezeka hata kidogo. Rekodi kwa WAV, sampuli 44,100 au 48,000, na vilele vya sauti vikae karibu na desibeli -12.

Dalili: sentensi safi ambayo hakuna aliyeisema

Tuelewe kwanza kinachotokea ndani. Whisper husoma sauti kwa vipande vya sekunde 30, viitwavyo madirisha, na kuandika neno baada ya neno kwa kukisia lipi linafuata, ikiongozwa na sauti pamoja na maneno iliyokwisha kuandika. Sauti ikiwa dhaifu au ikiwa kimya, maneno ndiyo yanayoshika usukani. Inaandika kitu chenye umbo la Kiswahili kwa sababu kazi yake ni kuandika. Ukimya mrefu mwishoni mwa rekodi huweza kuzaa shukrani kwa watazamaji, kwa kuwa sehemu ya mafunzo yake yalikuwa manukuu ya video za mtandaoni. Na ikianza kurudia kifungu kimoja, marudio hayo yanakuwa muktadha wa dirisha linalofuata, nalo linarudia tena, mpaka ukurasa mzima unajaa «na kwa hiyo na kwa hiyo na kwa hiyo».

Mwaka 2024 Allison Koenecke na wenzake walichapisha uchunguzi wa Whisper kwa sauti za Kiingereza, zikiwemo za watu wenye afasia, yaani waliopoteza sehemu ya uwezo wa kusema. Karibu asilimia 1 ya vipande vilikuwa na sentensi au vifungu vya kubuni kabisa, na asilimia 38 ya ubunifu huo ulikuwa na madhara, kama kuingiza ukatili ambao haukutajwa. Vipande vyenye vituo virefu vilihusika zaidi. Matokeo haya yanapaswa kumgusa kila anayehoji watu waliopatwa na msiba, wazee, au manusura wa ukatili, kwa sababu mazungumzo yao yamejaa vituo. Mhojiwa ananyamaza kwa kuwa jambo ni zito, na mashine inaujaza ukimya wake kwa maneno yake yenyewe.

Tiba zipo tatu, na ni vyema zitumike kwa pamoja. Ya kwanza, zima mpangilio uitwao condition_on_previous_text ili kila dirisha lianze upya bila kubeba makosa ya lililopita. Utapoteza mwendelezo kidogo wa majina na alama za uandishi, lakini marudio yatapungua sana. Ya pili, tanguliza kichujio kinachotambua mahali penye usemi, Silero kwa mfano, ili ukimya usifike kwa modeli kabisa. Ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi: pitisha sauti ileile kwenye MMS pia, kisha weka maandishi mawili kando kwa kando.

Modeli hizi mbili hukosea kwa namna tofauti. MMS huandika herufi kwa kufuata sauti kwa karibu, haiweki nukta wala herufi kubwa, na ikishindwa inatoa tahajia iliyovurugika kama «amekwndasptali». Hilo linachukiza machoni, lakini linakuonyesha kwamba hapo kulikuwa na shida. Whisper ikishindwa inatoa sentensi nadhifu. Pale ambapo Whisper ina mstari mzima na MMS haina kitu, karibu kila mara mstari huo ni wa kubuni. Pale ambapo zote mbili zinakubaliana, unaweza kupita haraka. Nguvu zako za kusikiliza zipeleke kwenye tofauti.

Dalili: aliyekataa amekubali

Hili ndilo kosa linalonifanya niandike mwongozo huu. Kiswahili hubeba ukanushi kwenye silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi, nayo mkazo wa neno unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika «hatukupewa», mkazo uko kwenye -pe-, na ha- inayobeba kukana iko mbali na mkazo, mara nyingi imemezwa na neno lililotangulia. Sauti h yenyewe ni pumzi tu, na wasemaji wengi huidondosha. Mashine inabaki na kitu kama «tukupewa», inaona si umbo la kawaida, na inasahihisha kuwa «tulipewa». Sentensi imekaa sawa kisarufi, msomaji hana sababu ya kushtuka, na jibu limegeuka kinyume chake.

Maumbo ya kushuku ni haya: ha- na si- mwanzoni mwa kitenzi, hasa baada ya neno linaloishia na irabu, -ku- ya wakati uliopita wa kukana ikigeuzwa -li-, -ja- katika «hajapata» ikigeuzwa -me-, si- ya «sijui» na «sikwenda» ikisomwa ni-, na neno «si» peke yake, ambalo hupotea bila kuacha alama. Jirani yake ni viambishi vya mtendwa: «walimpa» na «walinipa» hutofautiana kwa sauti fupi mno, ilhali katika ushahidi wa nani alipewa ardhi au pesa hiyo ndiyo habari yote.

Usitafute makosa haya kwa kusoma. Huwezi kuyaona. Chukua orodha ya maswali yako ya msingi, yale ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana, tafuta mahali pake kwenye rekodi kwa kutumia alama za muda, na usikilize kila jibu, mhojiwa mmoja baada ya mwingine. Kwa maandishi mengine, tumia utafutaji wa kawaida wa programu ya kuandikia kuvuta vitenzi vyote vyenye -ku- na -ja- za kukana, kisha sikiliza pia vile vya kukubali vinavyotokea karibu na maneno kama «kabisa», «hata», «wala», «kamwe» na «bado». Sentensi kama «tulipata hata shilingi moja» inakwambia yenyewe kwamba ha- imeanguka.

Hapa pia ndipo mhojiwa anaweza kukusaidia. Kichwa kinachotikiswa hakirekodiwi. Msaili aseme kwa sauti: «Umetikisa kichwa, mzee, maana yake hapana?» Swali hilo dogo limeokoa data nyingi kuliko modeli yoyote.

Dalili: majina na tarakimu zimeharibika

Mbweni inakuwa «mbwene», Kwembe inakuwa «kwembu», jina la dawa linageuka jina la mtu. Whisper inakuruhusu kuipa maelezo mafupi mwanzoni, ambamo unaweza kuorodhesha majina ya vijiji, mashirika na dawa yatakayotajwa. Nafasi yake ni ndogo, tokeni (vipande vya maneno) 224, na husaidia zaidi dirisha la kwanza ikiwa umezima kubeba muktadha. Majina mengi ni bora uyasahihishe baadaye kwa orodha moja ya tafuta na ubadilishe, ukiitunza kwa mradi mzima.

Kwa tarakimu, amua kanuni moja. Modeli hiyohiyo itaandika «elfu mbili mia tano» hapa na «2500» pale. Kiasi chochote cha fedha, umri, na idadi ya watoto kihakikiwe kwa sikio.

Dalili: maneno ya msaili yamewekwa kinywani mwa mhojiwa

Whisper haitofautishi wasemaji. Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine, kama pyannote, ambayo hugawa rekodi kwa sauti za watu. Ikikosea, sababu kubwa ni wawili kuongea kwa pamoja, na mazungumzo ya Kiswahili yana «ehee», «naam», «mmh» na «kweli» za kuitikia kila baada ya sekunde chache. Ukijua idadi ya wasemaji, itaje, usiiachie ihesabu. Tiba ya kweli ni maikrofoni mbili kwenye njia mbili za rekodi, kushoto msaili na kulia mhojiwa, kila njia inukuliwe peke yake bila kuchanganywa. Kwa mjadala wa kikundi cha watu wanane chini ya mwembe, kubali kwamba mtu atahitajika kuandika nani alisema nini, na umlipe.

Dalili: kijana wa Nairobi na mama wa Bukavu hawaeleweki

Modeli zilizojifunza usomaji na matangazo zinakisikia Kiswahili sanifu. Sheng, Kiamu, Kipemba, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo chenye maneno ya Kifaransa vitavutwa kwa nguvu kuelekea usanifu. Kwa mtafiti wa sera hilo linaweza kuvumilika. Kwa mwanaisimu ni uharibifu wa data, kwa sababu lahaja yenyewe imefutwa. Kama unachunguza jinsi watu wanavyosema, usianze na Whisper. Anza na MMS au unukuzi wa mkono kwenye ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha, Nijmegen.

Wahojiwa wanaochanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja humfanya Whisper kutafsiri kimyakimya kipande kimoja kwenda lugha ya kingine. Hakuna mpangilio unaoliondoa hilo kabisa. Weka alama mahali lugha inapobadilika wakati wa uhakiki, kwa kuwa ubadilishaji wenyewe huwa na maana: watu wengi huhamia Kiingereza wanapotaja ugonjwa, fedha au mapenzi.

Mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu, Common Voice, uliokaribisha Kiswahili mwaka 2021, umekusanya sauti za wasemaji wengi wa kawaida, na modeli zilizoongezewa mafunzo kwa data hiyo husikia lafudhi nyingi zaidi. Ila kumbuka kuwa hizo ni sentensi zilizosomwa.

Dalili: kiwango cha makosa hakifanani na unachokiona

Kiwango cha makosa ya maneno hupatikana kwa kujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyodondoshwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Chukua sentensi hii: «hatukupewa dawa siku ile kwa sababu ziliisha». Maneno saba. Mashine imeandika: «tulipewa dawa siku ile kwasababu ziliisha». Neno la kwanza limebadilishwa, kosa moja. «Kwa sababu» limeunganishwa, nalo linahesabiwa makosa mawili: badiliko moja na dondosho moja. Jumla ni makosa matatu kati ya saba, asilimia 43. Mawili kati ya hayo hayana madhara yoyote, na moja limegeuza ushahidi.

Hesabu ileile kwa herufi, nafasi zikijumuishwa: makosa matano kati ya 44, karibu asilimia 11. Namba imeonekana nzuri, na mgonjwa bado amepewa dawa ambayo hakupewa.

Kwa hiyo ukiona kiwango kikubwa cha kutisha huku maandishi yanasomeka, sanifisha kwanza pande zote mbili: ondoa alama za uandishi na herufi kubwa, amua kuhusu «kwa hiyo» na «kwahiyo», «inshallah» na «inshaallah», andika tarakimu zote kwa maneno. Kiswahili kinaadhibiwa zaidi na kipimo cha maneno kwa sababu «atakapowaletea» ni neno moja, na kosa la silabi moja linaliangusha lote. Kipimo cha herufi kitakupa picha ya haki zaidi unapolinganisha modeli. Kisha ongeza kipimo cha tatu cha kwako mwenyewe: katika vitenzi vya kukana 100 vilivyosemwa, vingapi vimebaki vya kukana? Kwenye makala au tasnifu, namba hiyo itamwambia msomaji mengi kuliko zile nyingine mbili.

Tatizo la kinyume ni modeli uliyoifundisha mwenyewe inayopata matokeo ya kupendeza mno. Angalia kama msemaji mmoja yuko kwenye data ya mafunzo na ya majaribio pia. Akiwepo, umeipima modeli kwa sauti inayoifahamu tayari. Gawanya kwa wasemaji, na sehemu ya majaribio iwe ya mahojiano halisi hata kama ni nusu saa tu.

Dalili: vipimo vya fonetiki vinaruka

Anayepima irabu au kiimbo kwa Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hukutana na matatizo mengine. Fomanti, yaani masafa yenye nguvu zaidi ndani ya irabu, zinazoruka kati ya o na u mara nyingi ni kosa la kikomo cha juu: Hz 5,000 kwa mwanamume mtu mzima, 5,500 kwa mwanamke, juu zaidi kwa mtoto, fomanti zikiwa tano. Kiimbo kinachoshuka ghafla hadi nusu au kupanda mara mbili ni kosa la masafa: jaribu Hz 75 hadi 300 kwa mwanamume, 100 hadi 500 kwa mwanamke. Na usipime fomanti ya kwanza ya i na u kwenye rekodi ya simu. Iko karibu na Hz 300, palepale simu inapokata, na kipimo kitasogezwa juu kuliko ukweli.

Kwa wanaolinganisha maandishi na sauti kwa Montreal Forced Aligner, alama spn kwenye matokeo maana yake neno halimo kwenye kamusi. Kwa vitenzi vyetu hilo haliepukiki, maana hakuna kamusi inayoweza kuorodhesha kila umbo. Tengeneza matamshi ya maneno yaliyokosekana kwa kanuni. Tahajia ya Kiswahili ni ya kawaida kiasi kwamba kanuni chache zinatosha, mradi utenganishe ng' na ng, na uandike tarakimu kwa maneno kabla ya kuanza.

Pengine huhitaji unukuzi kamili

Kuna watafiti wanaohangaika na kila neno ilhali swali lao ni «mada hii inatajwa wapi?» Maabara ya Umoja wa Mataifa ya Pulse Lab Kampala, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, ilisikiliza vipindi vya redio vya Uganda kwa Kiluganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda kwa njia hiyo: mashine ilitafuta maneno muhimu, na wachambuzi wanaoijua lugha wakasikiliza vipande vilivyopatikana. Utambuzi wenye makosa mengi unatosha kwa kazi hiyo, kwa sababu uamuzi wa maana unabaki kwa mtu. Ukiwa na saa mamia za redio ya jamii au vikao vya kijiji, njia hii itakufikisha haraka kuliko kusubiri unukuzi ukamilike.

Dalili: kamati ya maadili imerudisha maombi yako

Sababu ya kawaida ni kwamba ulisema sauti zitapakiwa kwenye huduma ya mtandaoni. Sauti ya mtu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Whisper na MMS huendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti, mara tu modeli ikishapakuliwa. Andika hivyo kwenye maombi, taja kompyuta itakayotumika na nani ana nenosiri. Bila kadi ya grafiki, modeli kubwa itachukua saa nyingi kwa saa moja ya mazungumzo. Iache ifanye kazi usiku, au tumia Whisper ya ukubwa wa kati, medium, kwa rasimu. Kwenye fomu ya ridhaa mweleze mhojiwa, kwa Kiswahili chake, kwamba mashine itaandika maneno yake kwanza na mtu atayahakiki, na umpe nafasi ya kukataa mashine bila kukataa mahojiano. Kazi ikiisha, futa pia vipande vya sauti vya muda ambavyo programu iliviacha kwenye diski. Vingi hukaa kwenye folda iliyofichwa, na majina ya wahojiwa yamo ndani yake.